Huumwi Popote? Hilo Si Jibu

Mwulize kijana yeyote wa mjini kama amewahi kupima kaswende au klamidia. Atakujibu kwa swali: "Kwani naumwa?" Mwulize mama wa watoto wawili, mwenye ndoa yake ya heshima, atakwambia hawashwi, hatokwi na uchafu, haja ndogo haimchomi, sasa apime nini? Jibu hilo lina sura ya busara, maana mwenye jino bovu hangoji kuambiwa. Lakini kwa magonjwa ya zinaa, imani kwamba mwenye ugonjwa lazima ajijue ni uongo, tena uongo wa gharama kubwa: mirija ya uzazi inayoziba, watoto wanaozaliwa wafu, ndoa zinazovunjika pasipo kosa. Na imani hii haiko vijiweni tu. Imeketi pia kwenye meza ya tabibu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Walichukulia kwamba mgonjwa anakijua anachokificha. Hapa mgonjwa hafichi kitu. Maradhi ndiyo yanayojificha kwake. Bakteria wa klamidia huishi ndani ya seli za shingo ya kizazi kwa miezi mingi, na wanawake walio wengi wenye maambukizi hayo hawasikii lolote. Kwa wanaume, takriban nusu wako hivyo hivyo. Kisonono, ambacho kila mtu anadhani lazima kijitangaze kwa usaha na maumivu, kwa wanawake mara nyingi hakitangazi chochote. Kaswende ndiyo yenye hila zaidi. Kidonda chake cha kwanza hakiumi, kwa mwanamke huweza kutokea ndani asikokuona, na baada ya wiki tatu hadi sita hufunga chenyewe hata bila dawa. Aliyekunywa mizizi wiki ile atamsifu mganga. Aliyemeza vidonge viwili vya dukani atavisifu vidonge. Bakteria wamebaki mwilini palepale, na huweza kutulia miaka mingi kabla ya kuharibu moyo au ubongo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 yalitokea maambukizi mapya milioni 374 ya klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Hayo ni zaidi ya milioni moja kila siku, ya magonjwa manne ambayo yote yana dawa. Mengi hayana dalili.

Ushahidi hatukuletewa kwa meli. Sehemu yake ilizaliwa hapa kwetu, kando ya Ziwa Victoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na Chuo cha Usafi na Tiba ya Tropiki cha London walifanya jaribio katika jamii 12 za mkoa wa Mwanza. Sita ziliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vyao vya kawaida vya afya, sita zikawa za kulinganishia. Matokeo yalitoka mwaka 1995: maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 katika jamii zilizoboreshewa matibabu. Tabibu wa zahanati hakuhitaji maabara. Alisikiliza dalili, kisha akatoa dawa za kutibu kila ugonjwa unaoweza kuzileta. Ulikuwa ushindi wa haki, na dunia ilijifunza kutoka Mwanza.

Lakini tulilikariri somo moja tukaliruka la pili. Watafiti wa mradi huohuo waliwapima wanaume wa vijijini, na mwaka 1996 wakaripoti kwamba wengi wa waliokutwa na kisonono au klamidia hawakuwa wakilalamika dalili yoyote. Wanaume hao ndio tunaoapa kwamba hawawezi kuwa na gono wasijue! Mwaka 2002 ikaja habari nzito zaidi, pia kutoka Mwanza. Miongoni mwa wajawazito wenye kaswende kali ambayo haikutibiwa, mmoja kati ya wanne alizaa mtoto mfu; kwa wasio na kaswende, kiwango kilikuwa kama mmoja kati ya mia. Utafiti mwenza ukaonyesha kwamba mama aliyepimwa na kuchomwa dozi moja ya penisilini hakubaki na hatari iliyozidi ya wenzake. Wangapi kati ya akina mama hao walijijua wana kaswende kabla ya kupimwa? Hakuna mama anayekaa na kidonda anachokijua, huku akisubiri mtoto wake afie tumboni.

Kisha kuna upande wa pili wa uongo huu, ambao hausemwi sana. Kama dalili inavyoweza kukosekana penye ugonjwa, ndivyo inavyoweza kuwepo pasipo ugonjwa wa zinaa. Uchafu ukeni mara nyingi hutokana na fangasi au na bakteria wa kawaida wa ukeni waliopoteza mizani. Mwanamke anatibiwa kisonono asichokuwa nacho, anaambiwa amlete mwenza wake, na jioni ile nyumba inawaka moto. Mwingine, kwa kulikwepa balaa hilo, anasema ana UTI. Siku hizi mjini kila mtu ana UTI: anayechomwa na mkojo, anayeumwa kiuno, anayewashwa. Duka la dawa linampa antibayotiki bila mkojo wake kuonwa na mtu, dalili zinatulia, mwezi ujao zinarudi, naye anaambiwa ni UTI sugu. Dalili, basi, ni shahidi anayemsingizia asiye na hatia na kumwachia mkosaji. Mahakama gani ingeendelea kumwita?

Msomaji makini atanirudisha Rakai, ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda. Huko watafiti hawakungoja dalili: waliwapa watu wazima wote wa jamii zilizochaguliwa dawa za magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi 10, na matokeo ya mwaka 1999 yalionyesha kwamba maambukizi ya VVU hayakupungua. Je, si kusema kwamba maambukizi yasiyo na dalili hayana neno? Hapana. Rakai ilipima VVU, katika nchi ambako janga lilikuwa limekomaa kuliko Mwanza, na ambako dozi za kila miezi 10 ziliwaacha watu wakiambukizana upya katikati. Kizazi na mtoto vina hesabu yao. Katika Rakai hiyohiyo, wajawazito waliopewa dawa walizaa watoto njiti na watoto wenye uzito mdogo kwa uchache zaidi, na vifo vya vichanga navyo vilipungua. Dawa ziliwafaa watu ambao wengi wao hawakujua wanaumwa.

Hata hivyo simwombi mtu yeyote agawe antibayotiki kijiji kizima. Bakteria wa kisonono ameshaishinda penisilini, akaishinda tetrasaiklini, akaishinda siprofloksasini, na sasa sehemu mbalimbali za dunia anaanza kuisumbua seftriaksoni, ambayo ndiyo ngao tuliyobaki nayo. Kumwaga dawa kwa kubahatisha, kwa wenye dalili au wasio nazo, ni kumfundisha adui vita. Njia iliyobaki ni moja: kupima.

Hapo ndipo wataalamu wa wizara hukohoa na kusema hatuna uwezo. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu mwaka 1995. Leo hospitali zetu nyingi zina mashine za GeneXpert zilizonunuliwa kwa ajili ya kifua kikuu, na mashine hiyohiyo, ikiwekewa katriji yake, hutoa jibu la klamidia na kisonono kwa dakika kama 90. Katriji ni ghali, sikatai. Lakini tumeshaweka kwenye mizani bei ya mirija iliyoziba? Tumehesabu mimba zinazotunga nje ya kizazi, upasuaji wa usiku wa manane, miaka ya kuhangaika kwa waganga, mwanamke anayeitwa tasa na mawifi kwa ugonjwa aliouletewa nyumbani? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 wenyewe unataka vipimo vya maabara vitumike pale vinapopatikana, na tiba ya kufuata dalili ibaki kwa pale visipokuwepo. Hatuwezi kuwapima wote kesho. Tunaweza kuanza na wajawazito, vijana wa kike wanaofika kuchukua dawa za uzazi wa mpango au za kinga ya VVU, na wenza wa waliokutwa na maambukizi. Kisumu, nchini Kenya, wanawake 449 wa miaka 18 hadi 30 waliokuwa wakitumia dawa za kinga ya VVU walipojiunga na utafiti wa doksisaiklini kama kinga ya magonjwa ya zinaa, karibu mmoja kati ya saba alikutwa na klamidia. Walikuja kujiunga na utafiti, hawakuja kutibiwa.

Wapo watakaosema kumpima asiyeumwa ni kumtuhumu. Ni kinyume chake. Tunapowapima wenye dalili tu ndipo kipimo kinakuwa tuhuma, kwa sababu kila anayeingia chumba kile anajulikana kwa nini ameingia. Kikiwa cha wote, kama kupimwa presha na wingi wa damu kliniki, hakimnyooshei mtu kidole.

Na tusijifanye hatujui jambo hili linavyofanyika. Kwa zaidi ya miongo miwili tumefundishana kwamba VVU haionekani kwa macho, kwamba mnene na mwembamba wote wapime. Tulifaulu. Leo wachumba wanapima kabla ya ndoa, na mara nyingi viongozi wa dini ndio wanaowahimiza. Kisha cheti kimoja cha VVU kinasomwa kama hati ya usafi wa kila kitu, na kaswende inaingia ukumbini pamoja na maharusi. Kipimo cha pamoja cha VVU na kaswende kipo, kinatumia tone la damu kidoleni, na jibu lake hutoka kabla ya foleni kwisha. Kliniki isiyokuwa nacho idaiwe. Baba anayemsindikiza mkewe naye atoe kidole. Na atakayesema hapimi kwa sababu haumwi, aulizwe: siku ile alipopima VVU, alikuwa anaumwa nini?