Mbwa wa Mgeni na Hesabu ya Siku 120

Taarifa za soko la Ngara na Biharamulo kwa kawaida huzungumzia kahawa, maharage, ndizi na mifugo ya mnadani. Ipo hata hivyo huduma moja ambayo haijapewa nafasi, nayo ni kumwandaa mbwa au paka wa mgeni kwa safari ya ndege kurudi kwao. Kwa mtazamo wa haraka jambo hili ni la mzaha. Kwa mfanyabiashara anayejua kupiga hesabu si mzaha hata kidogo.

Wilaya hizi mbili zina historia ndefu ya wageni wanaofika kwa wingi na kuondoka ghafla. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, na nyuma yao yakaja mashirika ya misaada na watumishi wake kutoka kila pembe ya dunia. Desemba 1996 wakimbizi hao walirudishwa kwao na shughuli zikapungua. Huko Biharamulo, mgodi wa Tulawaka ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2005 ulichukuliwa na STAMICO mwaka 2013. Katika mradi wa nikeli wa Kabanga, Ngara, kampuni ya BHP iliingia na mwaka 2025 ikajitoa, hisa zake zikachukuliwa na Lifezone Metals. Kila mabadiliko ya namna hii huambatana na mikataba ya kazi inayokwisha, nyumba zinazorudishwa kwa wenyewe, na mara nyingi mbwa aliyefungwa uani.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Mbwa anayetoka Tanzania kwenda nchi za Umoja wa Ulaya huwekewa kwanza chipu yenye namba, ndipo achanjwe kichaa cha mbwa akiwa ametimiza angalau wiki 12. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Baada ya siku zisizopungua 30 hutolewa damu na kupimwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo, kuona kama kinga imefikia kiwango cha 0.5. Kisha husubiriwa miezi mitatu kuanzia siku damu ilipotolewa. Uingereza nayo hufuata utaratibu huo kwa nchi zisizo kwenye orodha yake, na kwa mbwa huongeza dawa ya minyoo ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Marekani nayo, tangu Agosti 1, 2024, haipokei mbwa aliye chini ya miezi 6, na Tanzania imo katika orodha yake ya nchi zenye hatari kubwa ya ugonjwa huo.

Siku 30 ukijumlisha na miezi mitatu ni kama siku 120. Sasa ilinganishe na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ambayo kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi hutaka notisi isiyopungua siku 28. Mgeni anayeanza kushughulikia karatasi siku anapopewa notisi ataondoka yeye, na mbwa wake atabaki nyuma miezi mitatu. Pengo hilo ndilo soko lenyewe.

Linahitaji nini? Banda safi lenye uzio, chakula, mtu mwaminifu wa kulea mnyama, na daktari wa mifugo anayetambulika kisheria atakayeweka kumbukumbu bila kukosea tarehe. Linahitaji pia fundi wa kutengeneza kizimba kinachokubaliwa na mashirika ya ndege, ambamo mnyama anaweza kusimama wima, kugeuka na kulala. Fundi seremala wa Biharamulo anaiweza kazi hiyo iwapo atapewa vipimo vya shirika husika. Dawa ya usingizi isitumike, kwani mashirika mengi humkataa mnyama aliyeleweshwa.

Swali la njia nalo lina gharama zake. Kutoka Ngara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200, wakati Kigali iko karibu sana ukipitia Rusumo. Wapo watakaovutiwa na ufupi huo. Lakini mbwa anayevuka daraja ameingia nchi nyingine, hata kama mwisho wa safari yake ni Ulaya. Kibali cha upande wa pili na cheti cha afya vikubaliwe kabla ya kukata tikiti. Unafuu wa mafuta ya gari hauna maana kama mnyama atazuiwa mpakani.

Mwekezaji mdogo aonywe mapema kuhusu mambo mawili. Kwanza, wateja si wengi na hawaji kwa mpangilio, hivyo asikope benki kwa ajili ya banda hili peke yake. Liende pamoja na duka la dawa za mifugo au huduma ya chanjo kwa wafugaji wa kawaida. Pili, asichanganye mbwa na wanyamapori. Twiga waliosafirishwa kwa ndege kutoka KIA kwenda Qatar mwaka 2010 waliitia nchi aibu, na mwaka 2016 Serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai. Atakayeombwa apakie kasuku au kobe ndani ya kizimba cha paka akatae bila kusita.

Serikali za wilaya nazo zina wajibu. Mbwa anayeachwa na tajiri wake huishia mitaani, na mbwa wa mitaani asiyechanjwa ni hatari kwa mtoto aendaye shule. Halmashauri zingeweza kuyataka makampuni na mashirika yanayoleta wageni kuandikisha mbwa wao tangu siku ya kwanza, pamoja na chipu na chanjo. Gharama ingekuwa ya mwajiri, kazi ingebaki kwa wataalamu wa hapa, na notisi ya siku 28 isingemkuta mtu mikono mitupu. Katika biashara hii kalenda ndiyo mtaji wa kwanza, na mwenye kuianza mapema ndiye atakayelipwa.