WAWILI WAKITAKA KUSAFIRI, WAENDE PAMOJA



Katika interna kuna bishano moja ambalo halimaliziki. Sisi wa darasa la mwisho tumekaribia kutoka. Mtihani wa Serikali ukipita, wengine wataenda Kindu, wengine Bukavu ao Lubumbashi, na wengine wataoa na kuolewa. Basi tunaulizana: watu wawili wakipendana, waone dunia kwanza ndipo wazae, ao wazae kwanza?

Tunasikia habari za vijana wa Bulaya. Bwana na bibi wanauza motokari yao, wanapanda ndege ao velo, wanazunguka inchi nyingi mwaka mmoja, miaka miwili, hata zaidi. Kisha wanarudi kwao, wanatafuta nyumba, wanazaa watoto, wanatulia. Wamoja kati yetu wanacheka: «Ile ni wazimu! Mali imetolewa, bibi hajazaa, na ninyi mnatembea-tembea tu?» Wengine wanatamani kabisa.

Sisi makapita tumeona vema kuandika mawazo yetu. Tunasema hivi: kutembea kabla ya kutulia si kosa. Kosa ni mmoja kwenda na mwingine kubaki mlangoni, akingoja.

Mtu asifikiri kwamba mambo hayo ni ya Wazungu tu. Sara na Abrahamu walitoka Harani bila mtoto. Walikaa katika hema, wakashuka mpaka Misri, wakarudi, na Isaka alizaliwa wakati baba yake alikuwa na miaka 100. Akila na Prisila walitoka Roma, wakakaa Korinto, wakavuka bahari mpaka Efeso, na kazi yao ya kushona hema walifanya pamoja. Hatusomi mahali kwamba Akila alimwacha Prisila nyumbani akangoje barua.

Sasa tuje kwetu. Njia ya Kabambare na Kasongo ilipitiwa na watu ambao majina yao yako katika vitabu, na si wanaume peke yao. Dawidi Livingstone alifika Kabambare mwezi wa 9 mwaka 1869. Vidonda vya miguu vilimfunga pale miezi mingi, na aliandika kwamba katika Manyema alisoma Biblia yote mara nne. Kati ya watu wa safari yake kulikuwa Amoda, na bibi ya Amoda, Halima, akawa mpishi wa Livingstone. Yule mzee alimsifu Halima katika daftari yake, akaandika kwamba wakifika Unguja atamnunulia nyumba na bustani. Tena kulikuwa Chuma, ambaye alimwoa Ntaoeka katikati ya safari, mwaka 1872. Livingstone alipokufa kwa Chitambo mwezi wa 5 mwaka 1873, watu hao walibeba maiti yake mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa 2 mwaka 1874. Halima na Ntaoeka walikuwa katika safari hiyo. Hema lao lilikuwa moja na mabwana wao, na taabu yao moja.

Angalieni sasa Livingstone mwenyewe. Alimwoa Mary Moffat mwaka 1845. Mwanzoni walisafiri pamoja katika gari la ng'ombe, wakavuka jangwa la Kalahari na watoto wadogo, na mama alizaa njiani. Kisha mwaka 1852 bwana alimpeleka bibi na watoto kwenye meli kwenda Uingereza, na yeye akageuka kuvuka Afrika. Zaidi ya miaka 4 mama Mary alihangaika kule na watoto, pesa kidogo, bila nyumba yake. Binti yao wa mwisho alizaliwa mwaka 1858, na baba alimwona mara ya kwanza mwaka 1864. Mama Mary alimfuata bwana wake tena mpaka mto Zambezi, na homa ikamwua kule Shupanga tarehe 27 mwezi wa 4 mwaka 1862. Baadaye Livingstone aliandika kwa huzuni kwamba hakucheza na watoto wake wakati alikuwa nao, na walipokwisha kukua hakukuwa mtoto wa kucheza naye. Dunia inamsifu kwa mito na maziwa. Lakini nyumbani kwake watu walilipa bei ya sifa hiyo.

Tena tutazame Samuel Baker na Florence, ambao walipanda mto Nili pamoja wakafika ziwa Albert mwezi wa 3 mwaka 1864. Florence alivumilia homa na njaa sawa na bwana wake. Mwaka 1865 walifunga ndoa kule London, na kisha safari nyingine ndefu walitulia katika nyumba yao Uingereza. Vema. Lakini Baker alikuwa na mabinti wanne wa bibi wa kwanza, aliyekufa, na watoto wale walilelewa na shangazi yao wakati baba anatafuta ziwa. Kwa hiyo, hata safari nzuri tuulize: nani anabaki? Nani anangoja?

Hapa Kasongo tunajua vizuri jina la Tippu Tip. Safari yake moja ilianza karibu mwaka 1870, na alirudi Unguja mwaka 1882. Miaka 12! Alikuwa na bibi kule Unguja. Tusisahau pia kwamba katika misafara ile ya pembe na watumwa, bwana na bibi wengi wa inchi yetu walitenganishwa kwa kamba na bunduki, wasionane tena. Wale hawakuchagua safari. Na siku za karibu, watu wa Kabambare waliokimbia vita usiku na godoro kichwani hawakuchagua pia. Sisi tunaoweza kuchagua, tuchague kwa akili.

Mfano mwingine ni msafara wa Stanley. Ulitoka Bagamoyo mwezi wa 11 mwaka 1874 na watu 356, na kati yao wanawake 36, wengi wakifuata mabwana wao. Mwaka 1876 walipita kwetu, wakashuka Lualaba toka Nyangwe, wakafika Boma tarehe 9 mwezi wa 8 mwaka 1877, zaidi kidogo ya watu 100 tu. Akina mama wengine walizaa njiani, karibu na maporomoko ya maji. Kisha meli iliwazungusha kwa Luanda na rasi ya Afrika Kusini mpaka Unguja, wakafika tarehe 26 mwezi wa 11. Fikirini: mtu wa Unguja na bibi yake wamekata Afrika yote kwa miguu na mtumbwi, wamezunguka bahari mbili, sasa wako mlangoni kwao! Lakini si wote. Safeni, mmoja wa wakubwa wa mtumbwi, akili zake ziliharibika karibu na mwisho wa mto, akaingia porini, hakuonekana tena. Bibi yake Muscati alifika Unguja peke yake, baba yake akampokea, naye akafa upesi. Tunaandika hayo ili mtu asidanganyike kwamba kwenda pamoja kunaondoa hatari. Hapana. Kunaondoa upweke na uongo tu. Lakini hayo mawili si madogo.

Sasa juu ya nini tunaandika habari za zamani? Juu ya mambo tunayoona leo. Kijana anaoa Kasongo mwezi huu, mwezi unaofuata anapanda moto kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, Salamabila ao Namoya. Anasema: «Nitarudi kisha miezi mitatu.» Miezi mitatu inakuwa miaka mitatu. Kule anapata bibi mwingine. Hapa bibi wa kwanza analima mihogo, anatwanga sombe, mtoto anauliza baba iko wapi. Mwingine anatafuta njia ya Afrika Kusini ao Canada, na bibi anangoja simu. Mtoto analelewa na nyanya, na nyanya amekwisha kuchoka. Kila mwanafunzi anayesoma hapa anajua nyumba moja kama ile katika kartie yake. Wengine wametoka ndani yake.

Wazee wetu wanasema: «Zaeni kwanza, dunia haikimbii.» Tunawaheshimu. Wanajua kwamba maisha ni mafupi, na kwamba mtoto ndiye anayefunga jamaa mbili. Lakini tunawaomba neno moja. Bibi akikaa mwaka mmoja bila mimba, msianze kuhesabu miezi na kumwita jina baya. Kama yeye na bwana wake wamepatana kusoma kwanza, ao kwenda kufanya kazi mahali fulani kwanza, hiyo ni shauri la nyumba yao. Msichana mwenye diploma, akizaa kabla ya kupumua, mara nyingi diploma inabaki katika sanduku.

Na kwa ninyi wandugu mnaomaliza pamoja nasi, wavulana na wasichana, tunatoa shauri hili:

Kwanza, kabla ya kuoana mwambiane wazi. Kama wewe unataka kuona dunia na yeye anataka nyumba na bustani, semeni sasa, si kisha harusi.

Pili, safari iwe na kazi ndani yake: masomo, ufundi, biashara ya haki. Akila na Prisila walibeba sindano zao.

Tatu, wekeni mwisho. Miaka miwili ni miaka miwili. Safari isiyo na siku ya kurudi ni kuhama.

Ine, kama mtoto amekwisha kuzaliwa, mtoto si mzigo wa kuacha kwa nyanya. Mwende naye, ao mmoja asiende, ao wote mngoje.

Tano, safari hailazimu kuwa ya ndege. Wengi wetu hatujafika hata Nyangwe. Bwana na bibi wanaweza kwenda Kalemie kuona ziwa, kufanya kazi mwaka mmoja, na kurudi wakijuana vizuri zaidi. Njiani mtu hawezi kujificha: njaa ikija, mvua ikikata njia, utaona kama mwenzako ni mwenye hasira ao mwenye roho. Ni heri kujua hayo wakati mko wawili kuliko wakati mko saba.

Tunajua kwamba si wote watakubali. Walimu wengine wamekwisha kutuambia kwamba sisi ni vijana, hatujui ndoa. Ni kweli, hatujaoa. Lakini sisi ni watoto wa ndoa, na tunajua kungoja kunafanana namna gani. Anayepinga aandike, aweke karatasi yake kwa kapita wa interna kabla ya siku ya posho. Neno letu ni lile lile: nendeni, lakini msiache mtu mlangoni.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la wenzake wa darasa la mwisho