Huruma Bila Ujuzi Haimponyi Mnyama

Wahenga walinena kwamba nia njema ni tabibu. Sina ugomvi na wahenga, lakini nimewahi kuiona nia njema ikiua. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifunza hapa Marereni, wanafunzi watatu waliniletea mtoto wa paa waliyemwokota vichakani, nyuma ya mashamba ya chumvi. Tulimjengea kizizi cha mbao, tukamtandikia majani makavu, tukamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa chupa. Darasa zima lilimpenda. Siku ya tatu akaanza kuhara. Siku ya tano tulimzika chini ya mkorosho, na mmoja wa wale watatu akaniuliza: "Mwalimu, tulimkosea nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ndiyo jibu langu lililochelewa.

Mnyama wa porini akiwa huru hujitafutia kila kitu. Akiona kiu huyafuata maji, na akiwa na homa hutafuta kivuli. Chakula kibaya hukiacha, na adui humkimbia. Siku anapofungiwa, hata kama amefungiwa kwa mapenzi, uwezo huo wote huhamia mikononi mwa mtu anayeshika ufunguo. Mtu huyo asipojua, mnyama hana pa kukata rufaa. Ndiyo maana nashikilia kwamba asikabidhiwe ufunguo mtu asiyefunzwa, na kwamba mafunzo ya kazi hii yasogezwe karibu na vijana wa Pwani, ambao kwa muda mrefu wameishi na wanyama hawa bila kuitwa wataalamu.

Huenda msomaji akadhani kwamba elimu hii ni jambo la kigeni, la watu wenye darubini na magari makubwa. Si hivyo. Chukua mifano miwili ya vitu tunavyovijua sisi wenyeji wa Magarini tangu utotoni: nazi na chumvi.

Tuanze na nazi. Kwa miaka mingi, hayati Daphne Sheldrick alijaribu kuwalea ndama wachanga wa ndovu walioachwa yatima katika mbuga ya Tsavo Mashariki, na kwa miaka mingi wale wachanga kabisa walimfia mikononi. Maziwa ya ng'ombe yaliwadhuru, kwa kuwa mafuta yaliyomo hayapatani na tumbo la ndama wa ndovu. Katika miaka ya 1970 alipata dawa ya tatizo hilo, nayo ilikuwa mafuta ya nazi yaliyotiwa ndani ya maziwa ya unga yaliyoundwa kwa ajili ya watoto wachanga wa binadamu. Kitu ambacho bibi zetu hukikamua kila siku kwa ajili ya wali na mchuzi ndicho kilichofungua mlango wa uhai kwa mayatima wengi waliolelewa baadaye jijini Nairobi na kurudishwa Tsavo.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Ndama aliyenusurishwa na mafuta hayo, aliyeitwa Aisha, alishibana mno na mlezi wake. Daphne alipoondoka kwenda kuhudhuria arusi ya bintiye, Aisha akakataa kula, akadhoofu, akafa. Maziwa yalikuwa sahihi, ila ulezi ulikuwa na kasoro. Tangu hapo walezi wa ndama hao hulala nao usiku na kuwanywesha kila baada ya saa tatu, lakini hupokezana zamu, ili ndama asijifunge kwa mtu mmoja. Tazama basi jinsi somo moja la kazi hii lilivyonunuliwa kwa uhai. Je, ni haki kila mlezi mpya aanze kulinunua upya?

Sasa tuje kwenye chumvi. Mtoto yeyote wa Marereni anajua kwamba maji ya chumvi hayakati kiu, bali huiongeza. Wazazi wake wameyaona maji ya bahari yakiingizwa katika mabwawa, jua likiyanywa, na chumvi ikibaki chini nyeupe kama unga. Mwaka 2018, faru weusi 11 walihamishwa kutoka mbuga za Nairobi na Ziwa Nakuru wakapelekwa katika hifadhi mpya ndani ya Tsavo Mashariki. Maji waliyowekewa huko yalikuwa na chumvi nyingi kuliko waliyoyazoea. Walikunywa, kiu ikazidi, wakanywa tena. Wote 11 walipotea: 10 walikufa katika mkasa huo wa maji, na wa mwisho alishambuliwa na simba. Taifa zima lilihuzunika, na uhamishaji wa faru ukasimamishwa.

Sisemi kwamba mvulana wa Marereni angewaokoa faru wale kwa kuyaonja maji. Wataalamu walikuwepo, na vifaa vilikuwepo. Nasema kwamba kazi ya kumtunza mnyama aliyefungwa haisamehe kuteleza katika jambo dogo. Aliyesahau kuyapima maji, aliyeyapima asisikilizwe, na aliyemwona mnyama akizubaa asiandike, wote hufikia kaburi moja. Mafunzo ndiyo humfanya mtu kupima maji hata pale anapodhani anayajua.

Na tusidhani kwamba mikasa hii ni ya Tsavo peke yake. Mto Galana unaopita katika mbuga hiyo ndio huu huu Sabaki unaoingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi, nasi wa Marereni huvuka daraja lake kila tunapokwenda mjini. Mwishoni mwa Desemba 2004, wakati wa gharika ya tsunami, mtoto wa kiboko aliyekuwa amesukumwa na mto hadi baharini alionekana peke yake kwenye miamba. Wavuvi na wanakijiji waliacha shughuli zao, wakashindana naye kwa saa nyingi, wakamnasa kwa nyavu. Alipewa jina Owen, la mmoja wa watu waliomkamata, akapelekwa Haller Park huko Bamburi.

Dunia nzima ilikipenda kisa cha Owen kwa sababu alifanya urafiki na kobe mkongwe wa jamii ya Aldabra aitwaye Mzee, ambaye umri wake ulikadiriwa kuwa miaka ipatayo 130. Vitabu vikaandikwa, picha zikasambaa. Lakini kuna maswali ambayo picha haziulizi. Kwa nini hakurudishwa mtoni? Kwa sababu kiboko mchanga asiye na mama hawezi kupelekwa kwa kundi geni akatarajiwa kupokewa, huenda akauawa. Nani alihakikisha anakula katika siku zile za kwanza za hofu? Nani aliamua kuuacha urafiki ule uendelee, na baadaye kumkutanisha Owen na kiboko jike, Cleo, ili ajifunze kuwa kiboko tena? Ni watunzaji wa wanyama, watu wanaovaa viatu vya mpira na kubeba ndoo, ambao majina yao husomwa na wachache. Wavuvi walimwokoa Owen kwa siku moja, nao watunzaji wakamwokoa kila siku iliyofuata.

Basi hufunzwa nini mtu wa kazi hiyo? Kwanza hufunzwa kutazama. Mnyama wa porini huuficha ugonjwa wake, kwa kuwa huko atokako anayeonekana dhaifu huliwa. Mtunzaji hujifunza kusoma kinyesi, pumzi, masikio na chakula kilichobaki, na kuyaandika yote katika daftari, maana kumbukumbu ya kichwani huondoka na mwenyewe akienda likizo. Hujifunza kumtenga mgeni katika karantini kabla ya kumchanganya na wengine. Hujifunza kwamba nyani na sokwe wanaweza kuambukizana nasi kifua kikuu, na kwamba jeraha dogo la meno ya mnyama mwenye kichaa cha mbwa linaweza kumuua mtu asipotibiwa upesi. Hujifunza kufunga mlango wa kwanza kabla ya kufungua wa pili. Hujifunza pia kumshughulisha mnyama, kwa kumfichia chakula ili akitafute, kwani mnyama aliyekosa kazi huzunguka zizini kutwa kama mfungwa mwenye wazimu. Na juu ya yote hujifunza kutomgeuza kuwa mwanasesere wa kuchezewa na wageni.

Karibu na kwetu, mifano ya kujifunzia ipo. Huko Watamu, James Ashe na mkewe Sanda walianzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken mwaka 1980. Mahali hapo watu hujifunza kumshika koboko na moma bila kumuumiza na bila kuumizwa, na wananchi hufunzwa la kufanya mtu anapoumwa. Umuhimu wa jambo hilo ulithibitishwa mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani lilipoorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa maradhi ya kitropiki yaliyopuuzwa. Huko huko Watamu, juhudi zilizoanza 1997 za kuwalinda kasa zimezaa kituo cha kuwauguza kasa walionaswa na nyavu au waliomeza plastiki. Mvuvi aliyezoea kumwona kasa kama kitoweo sasa humpigia simu mwenzake aliyefunzwa kumtibu. Huo ni utaalamu uliomea katika mchanga wetu wenyewe.

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza atasema kwamba kazi hii hujifunzwa kwa kuitenda, na kwamba mtunzaji hodari hahitaji karatasi. Nakubaliana naye nusu. Ni kweli hakuna kitabu kinachoweza kumfunza mtu jinsi kiboko anavyovuta pumzi kabla ya kushambulia. Lakini ukosefu wa karatasi ndio unaomfanya mtunzaji wa miaka 20 kuitwa kibarua na kulipwa kama kibarua, huku kijana mgeni mwenye stashahada akija kumsimamia. Anayeujua ujuzi kwa mikono apimwe kwa mikono, kisha apewe cheti chake. Hilo ni suala la haki.

Wa pili atauliza: tunawezaje kuzungumzia chakula cha wanyama ilhali watoto wetu hulala njaa, na nyani huvuna mahindi tuliyoyapanda sisi? Hilo si swali la kudharauliwa. Lakini anayefahamu tabia za nyani ndiye anayeweza kumsaidia mkulima kumzuia, na kijana aliyefunzwa kazi hii anajipatia riziki halali bila kukata mikoko wala kutega mitego. Anayemfunza kijana kumtunza mnyama amemtunza kijana pia.

Wa tatu atasema kwamba mnyama hafai kufungwa kamwe. Hapo nakubaliana naye kuhusu wanaofunga kwa fahari au biashara isiyo na kibali, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inawakataza. Lakini madhali kuna mitego, mafuriko na magari barabarani, mayatima na majeruhi hawatakosekana. Na mtunzaji aliyefunzwa vyema ndiye anayejua lini amwachilie mnyama, na lini kumwachilia ni kumtupa.

Nini basi kifanyike? Kenya ina Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori huko Naivasha. Majirani zetu Watanzania wana chuo cha Mweka tangu 1963, na Waganda wana kituo chao cha elimu ya wanyama huko Entebbe, kilichoanza kama makao ya mayatima mwaka 1952. Kutoka Marereni hadi Naivasha ni safari ndefu kwa mtoto wa mchota chumvi, na karo ni safari ndefu zaidi. Kozi fupi za cheti zinaweza kuletwa Pwani kwa ushirikiano wa taasisi hiyo, Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi na vituo vya Watamu na Bamburi. Darasa liwe asubuhi, ndoo na ufagio ziwe alasiri. Serikali ya kaunti nayo itenge sehemu ya misaada ya masomo kwa fani hii, badala ya kuwahesabu wanyama kama kivutio cha watalii tu.

Nanyi walimu wenzangu, msingoje chuo kijengwe. Vyama vya wanafunzi wapenda wanyamapori vimekuwepo nchini tangu 1968. Vihuisheni shuleni mwenu. Wapelekeni wanafunzi wakamtazame kasa akiuguzwa, na wamuulize maswali mtu wa ndoo kabla ya kumuuliza meneja. Wafunzeni kuandika wanachokiona kwa siku, saa na kipimo.

Ama wewe mwanafunzi uliyeniuliza chini ya mkorosho, ambaye sasa ni mtu mzima, hili ndilo jibu lako. Tulimkosea tangu tulipomwokota. Paa humficha mtoto wake kichakani na kumrudia kumnyonyesha. Huenda mama yake alikuwa hatua chache tu kutoka pale, akingoja muondoke. Tulipaswa kumwacha, au kuwaita watu wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Badala yake tulimpa maziwa yasiyo yake na mapenzi asiyoyahitaji. Hukuwa na kosa, kwani ulimfuata mwalimu wako. Kosa lilikuwa langu, niliyeupokea ufunguo wa kile kizizi bila kujua hata moja la kufanya.