Wati 10,000 kwenye soketi ya hosteli? Tuache kudanganyana

Nilikuwa kimya kidogo, testi zilinibana. Leo sileti stori za kantini, leo nina ugomvi. Boom limetoka, na kila nikikatiza korido naona maboksi mapya ya sabufa. Juu yake maandishi makubwa: PMPO WATI 10,000. Mwenye nalo anatembea kifua mbele kama kanunua jenereta.

Hivi jamani, Fizikia ya sekondari tulisomea nini? Umeme wetu ni volti 230. Plagi ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha: wati 2,990. Hizo 10,000 zinaingilia wapi, dirishani? Geuza hiyo sabufa, soma kibandiko cha nyuma karibu na waya wa umeme. Mara nyingi utakuta wati 40, 60, ikijitahidi sana 100. Hapo ndipo penye ukweli, maana mashine haiwezi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayokula. PMPO ni kilele cha kufumba na kufumbua, na hakina kipimo kimoja kinachokubalika, kwa hiyo kila kiwanda kinajipigia hesabu kinavyopenda. Marekani waliushtukia mchezo huu mapema: mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, ilitoa kanuni kwamba anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani ataje nguvu inayotoka mfululizo. Sisi bado tunasoma boksi kama msahafu.

Na hata wati zingekuwa za kweli, ukiongeza nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu. Sikio lako likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu kama mara 10. Kwa hiyo shida yako siyo wati, mwanangu. Shida yako ni sanduku.

Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research kule Massachusetts. Walichouza ni wazo la Villchur: hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku dogo inaweza kuwa springi ya wufa, na besi ikatoka safi bila kabati kubwa kama jokofu. Maana yake sanduku ni sehemu ya spika, siyo pambo. Sasa gonga ubavu wa sabufa yako kwa kidole. Ikilia kama debe, ujue debe hilo linaimba pamoja na kila msanii unayempenda.

Wakati huo huo nyumbani, yale maspika ya mbao ya mzee yako stoo, au yamegeuzwa meza ya kuwekea maua na kitambaa cha kufuma juu. Hayo ndiyo mali! Na kuyafufua hakuhitaji digrii:

Moja, kingo za wufa. Zile za sponji huoza, na joto na unyevu wa pwani haviziachi salama. Koni yenyewe mara nyingi bado nzima. Fundi redio anabandika kingo mpya, wufa inarudi kazini.

Mbili, ndani. Bandika kipande cha mbao kinachounganisha kuta mbili zinazotetemeka, ziba nyufa kwa gundi, halafu weka pamba ya mto, au sufi iliyofungwa kwenye kitambaa chepesi isije ikaingia kwenye koili. Kama sanduku lina tundu la kupumulia, usilizibe.

Tatu, kapasita ya twita. Zile za kawaida zenye maji ya kemikali hukauka kwa miaka. Weka ya plastiki, maikrofaradi zile zile na volti zisizopungua. Usijifanye mjanja ukapandisha maikrofaradi, twita itaanza kupokea sauti nzito zisizo zake na itaungua.

Nne, waya. Achana na wanaouza waya wa dhahabu. Ule wa shaba wa milimita za mraba 1.5, wa kufungia taa nyumbani, unatosha kabisa. Kwa umbali wa mita 5, kwenda na kurudi, unazuia umeme kama omu 0.12 tu, mbele ya spika ya omu 8. Hiyo ni asilimia moja na nusu.

Tano, bure kabisa: zitoe kwenye kona, kona inavimbisha besi. Twita ziwe usawa wa masikio. Wengi tumeweka spika sakafuni, tunapigia magoti muziki.

Najua mtaniambia, "Bwana we, mimi nasoma Sosholojia, siyo fundi." Sawa, fundi yupo mtaani, mpelekee. Hela yako inabaki kwa mtu anayejua kazi, badala ya kwenda kwenye plastiki itakayokuwa takataka kabla hujavaa joho. Na kama ulicho nacho ni sabufa ya plastiki, sikudanganyi, pale hamna cha kuokoa zaidi ya kubadilisha mahali inapokaa. Pia yenye amplifaya ndani usiifungue ovyo. Hata ukichomoa, kapasita zake zinaweza kubaki na umeme.

Kinachoniuma ni hiki: boom ni mkopo. Tutakatwa mishahara miaka na miaka kulipia namba iliyochapwa kwenye boksi. Chuo kizima kina watu wanaokokotoa sakiti kwenye mtihani, halafu wakifika dukani wanaacha akili getini. Sikiliza solo gita la dansi la zamani kwenye spika iliyotengenezwa vizuri, kwa sauti ya chini hata jirani akisoma, halafu uniambie nani ana muziki na nani ana kelele.

Ni hayo tu kwa leo. Atakayebisha aje na kibandiko cha nyuma, siyo na boksi.