Mtoto anaitika, lakini hasikii yote

Wazazi mulio kambini na walimu, tusiharakishe kumuita mtoto mkaidi. Sauti kama a na o ni nzito, zina nguvu. Lakini s, f na sh ni nyembamba, ni pumzi tu. Mlipuko wa bomu ukiharibu sikio, mara nyingi hizo nyembamba ndizo hupotea. Ukisema saa, taa ama kaa, mtoto anapata "aa" tu, mengine anakisia.

Kwa hiyo kupiga makofi nyuma yake hakutoshi. Sema maneno hayo asipoona midomo yako, ayarudilie. Akikosea kila mara, mumupeleke kwa muganga wa masikio. Na wanaosomea kazi hiyo wajifunze kupima kwa Kiswahili, siyo kwa Kifaransa ambacho mtoto hakijui.