Kazi ya Mikono: Volani Inapovuta Kando



Mwezi huu tuzungumuze juu ya volani ya gari. Najua kuko watakaouliza: "Pasta, mambo ya garaji yanahusu kanisa namna gani?" Yanatuhusu sana. Katika miji yetu ya kazi ya madini, karibu kila jamaa iko na mutu anayeishi kwa gari: shofere wa kamio, mwenye taksi-bisi, kijana anayejifunza garaji, mama anayepakiza makaa na unga. Na sisi wengine tunapanda tu. Kutoka Lubumbashi kufika Likasi ni karibu kilometa 120, kufika Kolwezi ni karibu 300, na katika njia ile kamio za madini zinapita muchana na usiku. Shofere anayepishana nazo na volani isiyosikia amebeba uzima wa watu wote walio nyuma yake.

Neno kubwa la leo ni hili: gari ikiwa na volani nzito, ao ikivuta kando, tafuta kisa kwa utaratibu, kuanzia kwa kitu cha bei ndogo. Na paralelisimu, ni kusema kunyoosha magurudumu ya mbele, ifanywe mwisho, wakati vipande vyote ni vizima.

NAMNA DIREKSIO ASISTE INAFANYA KAZI

Katika gari nyingi zinazotembea kwetu, motere inazungusha pompi kwa njia ya kurua. Pompi inasukuma mafuta kwa nguvu katika tiyo mupaka kwenye direksio, na mafuta yale ndiyo yanasaidia mikono ya shofere. Kwa hiyo musaada unaweza kupotea kwa sababu nne: mafuta yamepungua, kurua imelegea, hewa imeingia, ao pompi yenyewe imechoka. Munaona? Pompi ni ya mwisho katika hesabu. Lakini katika garaji nyingi ni ya kwanza kutajwa, kwa maana ndiyo yenye kuleta feza.

Gari ndogo nyingi za siku hizi hazina pompi wala mafuta ya direksio. Zinasaidiwa na motere ndogo ya umeme. Kama hauone chupa ya mafuta chini ya kapo, usilazimishe kutafuta pahali pa kuyatia. Angalia kama kuko taa ya volani inayowaka mbele ya shofere, halafu angalia batri na nyaya.

KUANGALIA KWA UTARATIBU

Kwanza, mafuta. Weka gari pahali pa sawasawa, fungua chupa, angalia alama. Mafuta mazuri yanaonekana safi. Yakiwa meusi na yenye kunuka moto, yamezeeka. Yakiwa na povu kama sabuni, hewa imeingia. Yakipungua, usijaze tu na kwenda zako: mafuta hayanywewi na mutu, yanatoka pahali fulani. Pangusa tiyo zote na kitambaa, washa motere, mutu mumoja azungushe volani, na wewe angalia wapi panalia machozi. Na mafuta ya direksio si mafuta ya motere. Soma kifuniko cha chupa ao kitabu cha gari. Gari nyingi za zamani zinaomba mafuta yenye kuandikwa ATF. Usitie kamwe mafuta ya freni, kwa maana yanakula mipira midogo ya ndani, na direksio nzima itaanza kuvuja.

Pili, kurua. Zima motere, sukuma kurua katikati na kidole gumba. Kwa gari nyingi ndogo inapaswa kushuka karibu milimita 10. Ikishuka zaidi, inateleza, na hapo volani inakuwa nzito wakati wa kukata kona, hasa mvua ikinyesha. Kurua ikiwa imepasuka-pasuka, badilisha. Kitu hiki hakigharimu sana.

Tatu, hewa. Nyanyua magurudumu ya mbele na kriki, weka vitegemeo imara chini ya shasi. Usiamini kriki peke yake. Wamama wanalia kila mwaka juu ya jambo hilo. Motere ikiwa imezimwa, zungusha volani toka mwisho wa kushoto mupaka mwisho wa kuume mara nyingi, polepole, ukiongeza mafuta yakishuka. Kisha washa motere na urudilie, mupaka povu inakwisha.

Ni nyuma ya hayo matatu tu ndipo tunaweza kusema juu ya pompi.

VIPANDE VINAVYOCHEZA

Shika volani, magurudumu yakiwa yamenyooka, na uitikise kidogo kushoto na kuume. Inatembea kiasi gani mbele ya magurudumu kuitika? Kwa gari nyingi ndogo isipite milimita 30 kwenye ukingo wa volani. Ikipita, kuko kitu kinacheza.

Mwambie mwenzako aendelee kutikisa, na wewe ingia chini, weka mukono juu ya kila rotile. Mukono utasikia kile jicho halioni. Kisha nyanyua gurudumu. Shika mupira kwa kushoto na kuume, utikise: kama unacheza, angalia rotile za direksio. Shika juu na chini, utikise: kama unacheza, angalia rulema ao rotile ya kubeba.

Rotile iliyokufa haiponi. Inabadilishwa. Usiigonge na nyundo ili ikaze, usiitie moto, usiisude. Chuma cha direksio kilichosudiwa kinaweza kukatika siku usiyoijua, na gari ambayo rotile yake imeachana haina tena usukani. Na wakati wa kufunga rotile mupya, weka gupiye mupya. Musumari uliokunjwa si gupiye.

GARI INAVUTA KANDO

Hapa pia twende polepole. Anza na upepo wa mipira: upande wenye upepo mudogo ndio unaovuta gari. Kisha angalia barabara. Sisi tunatembea kuume, na barabara nyingi zimefanywa na mugongo katikati ili maji yatelemuke. Kwa hiyo gari nzima pia inaweza kuelekea kuume kidogo. Kisha badilishana mipira ya mbele, wa kushoto uende kuume, kama si mipira yenye mushale wa kuonyesha upande wa kuzunguka. Ikiwa sasa gari inavuta upande mwingine, kosa liko katika mupira. Kisha endesha kidogo na upeleke mukono karibu na janti, bila kugusa: upande mumoja ukiwa moto sana kuliko mwingine, freni imeshika.

Hayo yote yakiwa mazuri, soma mipira. Mupira ni kama kitabu. Ukilika kwa ukingo wa ndani wa magurudumu yote mbili ya mbele, mara nyingi magurudumu yamefunguka mbele. Ukilika kwa ukingo wa inje wa yote mbili, mara nyingi yamefungana mbele. Pitisha kiganja juu ya mupira: ukisikia meno kama ya musumeno, upande mumoja laini na mwingine mukali, paralelisimu imepotea.

KUPIMA NA KUPANGA

Mashini za garaji kubwa zinapima mambo mengi, na ni vizuri kwenda huko ukiweza. Lakini fundi asiye na mashini anaweza kupima paralelisimu kwa metre na chaki, kama yeye ni muvumilivu. Gari iwe pahali pa sawasawa, bila muzigo, mipira iwe na upepo sawa. Kama ulinyanyua gari, isukume mbele na nyuma metre chache ili ikae vizuri juu ya resori. Volani iwe katikati. Andika alama na chaki mbele ya kila mupira, katikati ya upana wake, kwa urefu wa katikati ya gurudumu. Pima toka alama mupaka alama. Kisha sukuma gari mbele mupaka alama zile zile zinafika nyuma, kwa urefu ule ule. Pima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo hali ya magurudumu yako. Gari nyingi zinaomba kipimo cha mbele kiwe sawa na cha nyuma, ao kipungue milimita 1 mupaka 3. Kitabu cha gari ndicho kinaamua.

Kupanga, legeza ekru za kufungia kwenye fito za pande mbili, na uzungushe kila fito kiasi kimoja, robo ya muzunguko kwa mara moja. Ukizungusha upande mumoja tu, magurudumu yanaweza kunyooka lakini volani itakaa imepinda. Sukuma gari, pima tena, kisha kaza ekru kwa nguvu.

Kuko mafundi wanaofanya kinyume: wanatoa volani na kuirudisha imenyooka, bila kugusa magurudumu. Shofere anafurahi kwa kuiona katikati, na kumbe mipira inaendelea kulika.

Tufanye hesabu, vijana wa masomo musaidie wazazi. Kamata mupira wenye upana wa sentimita 65 toka mbele mupaka nyuma. Tofauti ikiwa mbaya kwa milimita 10, kila gurudumu limepinda milimita 5 katika sentimita 65. Ni kusema katika kila kilometa moja, mupira unasuguliwa kando karibu metre 7 na nusu. Toka Lubumbashi mupaka Likasi, ni karibu metre 900 za kukwaruza mupira juu ya lami. Ndiyo sababu mipira mipya inaweza kumalizika mbele ya wakati, na watu wanasema ni uchawi.

NENO "IKO BIEN"

Katika kanisa moja la eneo letu kuko mama mujane anayelisha watoto kwa taksi-bisi. Volani ilikuwa nzito na gari ilivuta kushoto. Katika garaji ya kwanza walimwambia: "Mama, pompi imekufa, leta feza." Hakuwa nayo. Kijana mumoja wa kwaya, anayejifunza garaji, akaangalia. Kurua ilikuwa imelegea, na mafuta yalikuwa chini. Kwa saa moja volani ikawa nyepesi. Mama akashangilia, akasema: "Sasa nipangie paralelisimu, mwanangu, kesho asubui gari itoke. Batoto banangoja feza ya masomo."

Kijana akatikisa gurudumu la kushoto, akasikia rotile inacheza. Akasema: "Mama, siwezi. Nikipanga leo, kesho itapotea tena. Na rotile hii ikiachana katika mutelemuko, haitakuwa mambo ya mipira tena." Mama akakasirika. Alimwita mutoto asiyejua kazi. Alikwenda kutafuta mwingine, na huyo mwingine alikuwa tayari kupanga kwa bei ndogo na kusema iko bien. Jioni mama alirudi, kwa maana neno la kijana lilimukatalia usingizi. Gari ilikaa siku mbili bila kazi, na siku mbili ni hasara kubwa kwa mujane. Rotile mupya ilipofungwa, kijana alimupa mama ile ya zamani mukononi. Ilikuwa inazunguka yenyewe kama jino la muzee.

Mutume Yakobo, katika sura ya 3 ya barua yake, anatoa mufano wa usukani mudogo unaogeuza merikebu kubwa. Tunajua kwamba alikuwa anasema juu ya ulimi. Fundi, basi, iko na usukani mbili: ule wa chuma anaoutengeneza, na ulimi wake mwenyewe. Akisema "iko bien, mama, unaweza kwenda," gari inakwenda. Watu wanapanda kwa kuamini neno lile, hata wale wasiomujua. Kijana Mukristo akijifunza kunyoosha fito za direksio pasipo kunyoosha neno lake, hajamaliza masomo.

Na ninyi wenye gari, musiwasukume mafundi wadanganye. Mutu anayesema "panga tu, tutaona mbele" anaomba uongo, na kesho atalalamika kwamba mafundi wote ni wongo.

KWA MASHOFERE

Mbele ya kuondoka asubui, angalia chini ya gari kama kuko tone la mafuta. Sikiliza pompi ikipiga kelele wakati wa kuzungusha volani. Usishike volani kwenye mwisho wake zaidi ya sekunde 5, kwa maana mafuta yanachemuka. Na usizime motere katika mutelemuko ili kuokoa esansi: volani inakuwa nzito kama jiwe, freni inapoteza musaada, na ukiondoa ufunguo volani inaweza kujifunga kabisa.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Katika jamaa yetu, nani anaishi kwa gari, na tunamuombea mara ngapi?
2. Fundi akituambia ukweli unaotugharimu, tunamupokea namna gani?
3. Kijana wetu anayejifunza kazi, tunamutia moyo akikataa kazi ya haraka-haraka?

Someni pamoja Yakobo 3:1-12. Bwana awalinde katika njia zote. Tuonane mwezi ujao.