Nani Afunga Mlango?

Hapa Bunagana, Misa ikiisha, watu hawaendi nyumbani mara moja. Wanaume husimama chini ya miti wakaongea habari za mashamba, za bei ya viazi, za vita. Jumapili moja mazungumzo yalifika kwa watoto waliochukuliwa na waasi, wakalazimishwa kuua ndugu zao wenyewe. Mkristu mmoja wa siku nyingi akasema: "Aliyemwaga damu ya mama yake hana kwao tena. Ana pepo. Akirudi, apite tu." Wengi wakaitikia kwa kichwa. Sisi tulikuwa pale, tukanyamaza. Leo twataka kujibu, maana neno lile ni baya, na wanaolisema wadhani wanalinda desturi njema.

Kwanza ijulikane jinsi jambo lenyewe lilivyofanyika. Joseph Kony alianza vita vyake kaskazini ya Uganda mwaka 1987 hivi. Kundi lake akaliita jeshi la Bwana, jina ambalo kulitamka tu ni kukufuru. Watu wazima hawakumfuata, basi akachukua watoto: wanakadiriwa kuwa zaidi ya 20,000. Watu wake walifika usiku. Mara nyingine walimpa mtoto wa miaka 12 au 13 gongo au panga, wakamwambia: mpige baba yako, usipompiga, utakufa wewe naye pia. Wala haikuwa hasira ya walevi. Ilikuwa akili, akili ya Shetani. Mtoto aliyefanya hivyo mbele ya majirani, atatoroka aende wapi? Hakuna haja ya kumfunga kamba. Aibu yake ndiyo kamba, na woga wa kwao ndio fundo.

Mtu asiseme kwamba hayo ni ya Waganda. Siku za Noeli mwaka 2008 watu wa Kony waliua mamia ya Wakongo upande wa Doruma na Faradje. Desemba 2009, katika vijiji vya Makombo, waliua watu zaidi ya 300, wakachukua wengine zaidi ya 250, na watoto walilazimishwa kuwaua watoto wenzao. Nasi wa Kivu, je, tangu 1996 hatukuwaona kadogo, bunduki ikiwazidi urefu? Mji wetu ulitekwa na M23 Julai 2012, na tena tarehe 13 Juni 2022. Tukavuka mpaka hadi Kisoro na magodoro kichwani. Tulio na watoto tulijua vema kwa nini tunakimbia.

Sasa twamwuliza yule Mkristu mwenzetu: yule mtekaji alitaka nini? Alitaka mlango wa nyumba ufungwe, mtoto asirudi kamwe. Lakini yeye mwenyewe hawezi kuufunga, yuko mbali porini. Anahitaji mtu wa kumfungia. Mtu huyo ni wewe, ndugu. Unaposema "apite tu," unamaliza kazi aliyoianza Kony, na bila mshahara.

Wengine watajibu: dhambi ni dhambi. Wamesahau katekisimu waliyojifunza kabla ya ubatizo. Dhambi ya mauti yataka neno zito, yataka kujua kamili, yataka na kukubali kwa moyo. Kuua mzazi ni neno zito kupita yote, hatupunguzi kitu. Lakini kukubali kwa moyo kuko wapi, kwa mtoto aliyeshikiwa bunduki kisogoni? Hatusemi juu ya kijana aliyemwua baba yake kwa kugombania shamba. Huyo ana korti ya watoto, imsikilize. Na kwa habari ya pepo, sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemshtaki mtoto kwa uchawi. Mwenye ulimi mwepesi afikiri.

Tena husema: "Tazameni Ongwen!" Haya, tumtazame. Dominic Ongwen alichukuliwa akiwa na miaka 9 hivi, akakulia porini, akawa mkubwa wa kikosi. Tarehe 4 Februari 2021 korti ya La Haye ilimwona na hatia ya makosa 61, akapewa kifungo cha miaka 25. Lakini makosa yote yale ni ya miaka 2002 hadi 2005, naye mtu mzima. Korti ile haina ruhusa kumhukumu mtu kwa tendo la kabla ya miaka 18. Mahakimu wasiotujua wameona tofauti ambayo sisi, tunaokula sahani moja na watoto hawa, hatutaki kuiona.

Iko hoja moja tu inayotushika koo: bibi aliyefiwa na binti yake, anayeambiwa ampokee mjukuu aliyemwua. Hatuwezi kumwamuru. Wala si kweli kumwambia mtoto, "Hukufanya kitu." Yeye aliona. Waacholi wanalijua hilo. Anayerudi hukanyaga yai mbele ya ukoo, karibu na tawi la mti uitwao opobo na ule mti wa kufungulia ghala, maana yake: chakula cha nyumba hii ni chako tena. Kwa damu ya ndani ya ukoo wazee wana kazi nyingine zaidi, ndefu na ya machozi. Na Juni 2003, watoto wa Gulu walipolala barabarani kwa kuogopa kutekwa, John Baptist Odama, Askofu Mkuu wa huko wakati ule, alikwenda kulala nao nje usiku nne. Hakuuliza kwanza nani safi.

Nasi tuliuliza. Alikuwako kijana katika darasa letu la wakatekumeni, watu wakimnong'ona. Wazazi walilalamika, tukamhamisha benchi ya nyuma, peke yake, ili kuwe na amani. Jumapili ya tatu hakuja. Wanasema alivuka mpaka kutafuta kazi ya kubeba mizigo. Hatukumfuata, na Kisoro si mbali. Juma hili tunakwenda.